Taa ya Injini na Kaka Yangu wa Gerezani

Ndugu zangu wa huku ughaibuni, kila mwenye gari anaijua ile taa ya rangi ya chungwa yenye mchoro wa injini. Haina kelele. Inawaka kimya kimya kwenye dashibodi, na tangu siku hiyo hata redio unaisikiliza ukiwa na wasiwasi. Yangu iliwaka mwezi wa Machi 2025, nikiwa natoka kazini usiku, nimeshapita ushuru wa Fort Bend Parkway na nimebakiza dakika kama kumi kufika nyumbani Missouri City.

Kwanza niseme habari ya huu mji, maana hata mama yangu mzazi bado anawaambia watu wa Magomeni kwamba mwanawe anakaa jimbo la Missouri. Missouri City iko Texas, kusini-magharibi mwa Houston. Jina lilikuja miaka ya 1890, pale madalali wa ardhi walipotangaza viwanja vya hapa kwa watu wa St. Louis kule Missouri, wakiwasifia hali ya hewa. Sehemu kubwa ya mji iko kaunti ya Fort Bend na kipande kidogo kiko Harris. Hilo la kaunti lishikeni, tutalirudia.

Pale ninapokaa huwezi kusimama kando ya barabara ukasubiri daladala. Mimi ni msaidizi wa wauguzi, zamu ya usiku, upande wa Medical Center. Bila gari hakuna kazi, na bila kazi hakuna cha kutuma. Na mwezi uleule usajili wa gari ulikuwa unakwisha. Wenyeji wa Texas mnajua kwamba tangu tarehe 1 Januari 2025 ule ukaguzi wa breki, taa na honi umefutwa kwa magari ya watu binafsi. Wengi wakashangilia wakidhani ukaguzi wote umekwisha. Haujaisha. Kwenye kaunti zenye shida ya hewa chafu, Harris na Fort Bend zikiwemo, kipimo cha moshi kipo palepale kwa magari ya petroli yenye umri wa kati ya miaka 2 na 24. Corolla yangu ni ya mwaka 2007. Na kipimo chenyewe siku hizi hakuna anayechomeka bomba nyuma kwenye ekzosi. Wanachomeka waya chini ya usukani na kuiuliza kompyuta ya gari yenyewe. Taa ikiwa inawaka, umefeli. Ukifeli, husajili.

Nikaipeleka gereji moja kubwa, jina lake nalihifadhi. Kijana akachomeka mashine, dakika tano hazijafika, akarudi na karatasi imeandikwa P0420. Akasema katalisti imekufa, inabidi kuweka mpya, jumla na ufundi dola 1,850. Kwa kuangalia tu nikadaiwa dola 120, nikalipa.

Sasa hiyo 1,850 nilikuwa nayo. Ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa nimeiweka miezi kumi na moja kwa ajili ya tiketi ya kwenda nyumbani. Sijamwona mama kwa miaka sita, na kila nikipiga simu naona anavyochelewa kunitambua sauti. Nilikaa ndani ya gari pale nje ya gereji, karatasi mkononi, nikawa nasoma P0420 kana kwamba nikiikodolea macho vya kutosha itabadilika.

Kazini, mwenzangu mmoja akanipa ushauri wa bure. Ana kile kidude kidogo cha dola ishirini, unachomeka kwenye tundu chini ya usukani, kinaongea na simu yako, unabonyeza "futa" na taa inazimika. Tukafuta. Taa ikazimika kweli, nikalala usingizi wa mtu aliyelipa madeni yake. Kesho yake asubuhi nikaenda kupima moshi, nikarudishwa. Yule mpimaji, mtu mpole, akanieleza kwamba ukifuta msimbo unafuta na kumbukumbu ya vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe likiwa barabarani: kipimo cha katalisti, cha mvuke wa tanki, cha sensa za oksijeni na kadhalika. Kwa gari la mwaka 2001 kuja mbele, vikiwa pungufu zaidi ya kimoja, mashine inakukataa. Akaniambia niendeshe kwanza siku kadhaa. Nikaendesha, na siku ya nne taa ikawaka tena. P0420 ileile.

Ndipo nikampigia kaka.

Hapa lazima niungame jambo. Kaka yangu ni fundi wa magari Gerezani, Dar es Salaam, tangu miaka ya tisini. Mwaka 2021 aliniomba dola 400 anunue mashine ya kupimia magari kwa kompyuta. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kaka, huku hela hatuokoti barabarani, na wewe miaka yote umefanya kazi bila hiyo mashine. Hakunijibu, na hakuniomba tena kitu chochote. Tulikuwa tunasalimiana Idi na misiba. Kwa hiyo kumpigia simu kwa shida ya gari langu haikuwa rahisi, na nilizungukazunguka na habari za watoto mpaka yeye mwenyewe akaniuliza.

"Kaka, gari langu limetoa kodi," nikamwambia.

Mama alikuwa hapo karibu, nikamsikia anauliza kwa sauti ya juu: "Kodi? Amefukuzwa nyumba?" Mafundi wengine huziita hivyo, kodi, na ilibidi kaka amtulize kwanza kwamba mwanawe hadaiwi na mwenye nyumba. Yeye huziita namba. "Namba gani?" akauliza. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wamekwambia ubadilishe masega?"

Wasomaji wa Kenya na Kongo huenda hamlijui neno hilo. Mafundi wa Bongo ndiyo wanavyoiita ile katalisti iliyo ndani ya ekzosi, kwa sababu ukiichungulia ni matundu matundu kama sega la nyuki. Ndani yake kumepakwa madini ya thamani, platinamu, paladi na rodi, na ndiyo maana inaibwa Houston na inakatwa Dar. Nilikubali kwamba ndiyo, wameniambia masega.

"Namba haijasema masega," akasema. "Nisomee maneno yake yote."

Nikamsomea. Akanitafsiria kama mwalimu wa madrasa: ufanisi wa mfumo wa katalisti uko chini ya kiwango, upande wa kwanza. "Umesikia neno mfumo? Kompyuta haina macho. Haijawahi kuyaona masega. Inaiuliza sensa, sensa inaijibu, na yenyewe inaandika ilichoambiwa."

Nikiwa mtu wa wodini nilitakiwa nilijue hilo mapema. Sisi tuliokulia pwani tunakumbuka enzi ambapo kila homa ilikuwa malaria. Mtoto anachemka, anapewa klorokwini, basi. Wengine walikuwa na nimonia. Kipimajoto hakikudanganya, joto lilikuwepo. Walioongeza neno malaria ni watu.

Kaka akanifundisha kusoma namba yenyewe, na nawapa hapa kwa faida ya wote. Herufi ya kwanza inaonyesha sehemu ya gari: P ni injini na gia, C ni chasisi pamoja na breki, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, namba hiyo ina maana moja kwa kila kampuni. Ikiwa 1, kwa kawaida ni ya kiwanda chenyewe na lazima utafute maana ya kiwanda hicho, usichukue ya Ford ukaitumia kwenye Honda. Tarakimu ya pili inapunguza eneo: 1 na 2 ni hewa na mafuta, 3 ni moto wa plagi na silinda kukosa kuwaka, 4 ni vifaa vya kupunguza moshi, 7 ni gia. Mbili za mwisho ndizo zinataja kosa lenyewe. Kwa hiyo P0301 ni silinda namba moja haiwaki sawasawa, P0171 ni mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na P0455 ni mvuke wa petroli unavuja sana, ambayo mara nyingine dawa yake ni kufunga kifuniko cha tanki vizuri. Akaongeza kitu kimoja ambacho naomba mkikariri: taa ikiwaka na kutulia unaweza kufika nyumbani, ikiwa inapepesa, silinda inakosa kuwaka na petroli mbichi inakwenda kuunguza masega, hapo toa mguu kwenye mafuta na utafute pa kusimama.

Namba hizi ni zilezile kwa sababu Marekani iliamuru hivyo. California ndiyo iliyotangulia, kwa sababu ya moshi wa Los Angeles, ikataka magari ya kuanzia mwaka 1988 yajichunguze yenyewe. Kisha kuanzia magari ya mwaka 1996 nchi nzima ikawa na utaratibu mmoja, tundu moja la pini kumi na sita, na orodha moja ya namba. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na lugha yake.

Na lugha ya zamani ndiyo aliyojifunzia kaka. Magari yaliyokuja Dar miaka ile yalikuwa yametumika Japani, na Toyota nyingi zilikuwa na kiboksi cheusi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS. Unafungua kifuniko, unachukua kipande cha waya, unaunganisha tundu la TE1 na la E1, unawasha swichi bila kuwasha injini, halafu unakaa ndani na kuhesabu taa inavyopepesa. Mara mbili, inapumzika, mara mbili: 22, mzunguko wa sensa ya joto la maji. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa. Nilikuwa msichana wa sekondari, nikimpelekea chakula cha mchana, na nakumbuka alivyoninyamazisha kwa mkono akiwa anahesabu. Nilidhani anaringa tu.

Turudi kwenye Corolla. Kaka akaniambia kesho asubuhi, kabla injini haijaguswa, nimpigie kwa picha.

Saa kumi na mbili asubuhi kwetu ni saa nane mchana Dar. Nikatoka na kanga yangu mabegani, majirani wa Kimarekani wanapita na mbwa wao. Akaniambia niwashe gari, nishuke haraka, niiweke simu chini upande wa mbele, karibu na bomba la ekzosi linapotoka kwenye injini, halafu ninyamaze. Nikachuchumaa pale kwenye saruji. Mwanzoni nilisikia injini tu. Kisha kweli, ndani ya ile ngurumo kulikuwa na kitu kingine, tsi-tsi-tsi-tsi, kama mtu anayefyonza meno kwa haraka. Baada ya dakika chache kikapotea.

"Umeisikia?" akauliza. Kutoka Gerezani, na kelele zote zile za nyundo, yeye alikuwa ameisikia.

Akanieleza. Katikati ya bomba na injini kuna kiungo chenye gasketi. Kikilegea, asubuhi chuma kikiwa baridi kunakuwa na upenyo, moshi unatoka kwa vishindo na hewa ya nje nayo inavutwa ndani. Chuma kikipata joto kinatanuka, upenyo unapungua, sauti inapotea. Gereji walilipima likiwa la moto. Sasa, masega mazima kazi yake mojawapo ni kuhifadhi oksijeni, kwa hiyo sensa iliyo nyuma yake hutulia, inaonyesha volti kama 0.6 au 0.7 bila kuyumba. Masega yakichoka, sensa ya nyuma inaanza kupanda na kushuka. Lakini hewa ya kuibia ikiingia njiani, sensa ile ile itaona oksijeni isiyotarajiwa na itapanda na kushuka vilevile, wakati masega hayana neno. Kompyuta haiwezi kutofautisha. Inaandika P0420.

"Inawezekana masega nayo yamechoka," akasema. "Sikuahidi. Gari lina miaka kumi na nane. Lakini huanzi na kitu cha dola elfu mbili wakati kuna kitu cha dola ishirini hakijaangaliwa."

Akataka ushahidi zaidi. Nikaazima tena kidude cha mwenzangu, nikafungua ukurasa wa namba zinazotembea, nikampigia picha volti ya sensa ya nyuma. Gari likiunguruma taratibu, iliyumba. Nikikanyaga mafuta na kushikilia mizunguko 2,500, ikatulia pale 0.7 kwa dakika nzima. Hilo lilimfurahisha. Akasema masega yaliyokufa hayatulii namna hiyo. Mwisho akanifanya nichanganye sabuni ya vyombo na maji kwenye chupa ya kupulizia, nipulizie kile kiungo gari likiwa baridi ndiyo kwanza limewashwa. Mapovu yakatoka upande mmoja kama omo kwenye beseni. Na pale pale palikuwa na masizi meusi, ambayo mtu yeyote mwenye tochi angeyaona.

Sikuwa na vifaa wala ujasiri wa kulala chini ya gari. Nikampata fundi Mmexico mwenye gereji ndogo upande wa Stafford. Kiingereza chake na changu vinakutana kwa shida, lakini nilimwonyesha P0420, nikamwonyesha video ya mapovu, akacheka, akaelekeza kidole palepale penye masizi. Gasketi mpya, bolti mbili zenye springi kwa sababu za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, na saa moja ya kazi: dola 140. Akafuta namba.

Safari hii sikukimbilia kupima. Kaka alinipa ratiba kama ya mgonjwa. Gari lilale usiku kucha lipoe. Asubuhi liwashwe, lisikanyagwe kwa pupa, liendeshwe mjini na kusimamasimama, kisha lipelekwe barabara kuu kwa mwendo usiobadilika. Nikawa natoka kazini, nashuka Fort Bend Parkway kwa mwendo mmoja kama maandamano ya harusi, watu wananipigia honi, narudi kwa Highway 6 yenye taa za barabarani zisizokwisha. Kila jioni nilimtumia picha ya vile vipimo: kimoja kimekamilika, viwili, vitatu. Kipimo cha katalisti kilichelewa kuliko vyote. Kilikamilika siku ya tano, na nilikaa kwenye maegesho nikisubiri taa, kwa maana kosa la namna hii gari huliweka kwanza pembeni likingoja lijirudie safari inayofuata ndipo liwashe taa. Nikaendesha safari nyingine, na nyingine. Ukurasa wa makosa ulikuwa mtupu.

Nikapima moshi siku ya Jumamosi, nikapita, nikasajili gari siku mbili kabla ya mwezi kwisha.

Tiketi nilikata wiki iliyofuata, Houston hadi Dar. Halafu nikampigia kaka, nikamwambia ile mashine ya mwaka 2021 naomba nimletee. Kimya. Nikadhani simu imekatika. Kisha nikamsikia anamwambia kijana wake azime gurainda. Nikaona nisimpe nafasi ya kukataa, nikasema nimeshaiona moja nzuri dukani, dola 60, inasoma namba zote na kuziandika maana yake kwa Kiingereza.

"Hiyo usilete," akasema. "Maana ya namba ninazijua. Niletee inayoonyesha volti zinavyotembea, yenye mchoro, na iwe inaingia mpaka kwenye breki na gia. Subiri nikutumie jina lake."

Akanituma picha yake usiku uleule. Ilikuwa picha ya zamani, ya mwaka 2021, ileile aliyonitumia wakati ule na mimi sikuifungua. Mashine yenyewe imeshapitwa, sasa wanauza toleo jingine, la dola 430. Iko kwenye begi la mkononi. Kwenye begi kubwa nimeweka vitenge vya mama na dawa zake za macho.